Damu ya Njano

Leso ya tatu ilipolowa, Nangila aliacha kusema kwamba ni joto tu. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao ya mabati pale Nyalenda, amempakata bintiye Debra wa miaka saba, na damu ilikuwa inatoka puani mwa mtoto polepole, bila haraka, kama mfereji ambao mtu amesahau kuufunga vizuri. Debra alikuwa tayari amevaa sketi ya shule. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, mwili unachemka tangu juzi.

Baba yake Nangila, Mzee Wakhisi, alitoka nyuma ya nyumba na kipande cha barafu ndani ya kitambaa. Kazi yake ilikuwa barafu. Kila asubuhi alinunua mapande kwenye kiwanda kidogo cha Bwana Kulwant karibu na ziwa, akayatwanga kwa nyundo ya mti, akawauzia akina mama wa samaki. Kipande cha nyumbani hakikukosekana, cha maji ya kunywa na cha mtu akiumwa.

"Weka hapa juu ya pua," alisema. "Barafu inasimamisha kila kitu."

"Baba, umeona hii miguu?"

Mzee aliinama. Kwenye ngozi ya mtoto, kutoka vifundo hadi magotini, kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo sana, kama mtu amekaa usiku kucha akimdonadona na ncha ya biro. Kwenye paja kulikuwa na alama kubwa, nyeusi inayoelekea buluu.

"Alianguka?"

"Anasema hakuanguka."

Marehemu mke wake, Naswa, angejua. Ndivyo Mzee Wakhisi alivyowaza, kama alivyowaza kila siku mara kumi tangu azikwe miaka minne iliyopita. Naswa angemtazama mtoto mara moja na kusema, hii ni ya kuoga maji ya majani, au, hii ni ya hospitali, nipe leso yangu. Sasa wamebaki wawili wasiojua. Walisimamisha boda, wakapanda wote watatu na mwenye pikipiki wa nne.

*

Kule kasualti ya hospitali sista aliyewapokea aliitwa Jentrix. Jina lilikuwa kifuani, limeandikwa kwa kalamu kwenye plasta, maana vibandiko vya majina viliagizwa tangu mwaka juzi. Alimpima Debra joto, akaona ile alama ya paja, akaiinua sketi kidogo zaidi.

"Nani alichapa huyu mtoto?"

"Hakuna mtu amemchapa, sista," alisema Nangila.

"Na hii? Imejichora?" Aligeuka akamtazama mzee. "Wewe ni nani wake?"

"Babu."

"Mnaishi nyumba moja?"

"Moja."

Sista aliandika kitu kirefu kwenye karatasi. Watu wa kwenye benchi walinyamaza ili wasikie vizuri. Mzee Wakhisi alishika kofia yake mikononi, akaitazama kama ni mara ya kwanza kuiona. Alikuwa amekata miwa Muhoroni miaka kumi na minane, amebebeshwa lawama nyingi na wanyapara, lakini ya namna hii hakuwa amewahi kubebeshwa.

"Kuka hachapi," Debra alisema kwa sauti nzito kwa sababu ya pamba puani. Kuka ndiyo babu, kwa lugha ya kwao. "Kuka anapiga barafu tu."

Mama mmoja kwenye benchi alicheka. Sista hakufuta alichoandika, ila alimpeleka mtoto mbele ya foleni.

Majibu ya damu yalirudi baada ya saa moja. Daktari alikuwa msichana mdogo, macho mekundu ya kukosa usingizi, na huyo angalau alijua kukaa chini ndipo aongee na mtu.

"Hakuna aliyempiga," alisema kwanza, na Mzee Wakhisi akamheshimu kwa hilo. "Ana malaria. Na kwenye damu kuna chembe ndogo za kugandisha, pleteleti. Zile zinazoziba ukikatwa. Mtoto mzima anakuwa nazo laki moja na nusu au zaidi kwa tone. Debra ana elfu saba."

"Zimeenda wapi?" aliuliza Nangila.

"Malaria imezishusha. Watoto wengi wanaokuja hapa na malaria ziko chini, na tunatibu malaria tu, zinarudi zenyewe. Huyu hawezi kungoja zirudi. Anavuja pua na fizi, na sasa hivi ametapika damu. Ikivuja ndani ya kichwa sitakuwa na la kufanya." Alimtazama mzee. "Dawa ya malaria tumeanza. Lakini anahitaji kuongezwa hizo chembe leo. Kituo cha damu wamesema wana mfuko mmoja wa kundi lake."

"Basi ulete," alisema Nangila.

Daktari alimtazama Sista Jentrix. Sista alitazama dirisha.

"Gari limeenda kubeba viti," sista alisema. "Kuna mkubwa anakuja kufungua jengo."

"Jengo gani?"

"La wagonjwa wa dharura."

Hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo mambo yanavyoendeshwa siku hizi. Utepe wa kukatwa una gari, mgonjwa hana. Viti vya wageni vinafika mapema, na damu ya mtoto inafuatwa na mzee wa miaka sitini na minane kwa boda. Sista alimpa karatasi yenye muhuri, akamwonyesha mahali pa kuionyesha, akarudi kwa wengine, maana walikuwa wamejaa hadi nje. Zaidi ya hapo hakumwambia kitu.

*

Mzee Wakhisi hakwenda kituoni moja kwa moja. Alikwenda kwanza kiwandani.

Alikuwa amefikiri vizuri. Jua lilikuwa limeshika, mji unawaka, na kitu kama damu huwezi kukibeba kwa mkono kwenye joto la Kisumu. Bwana Kulwant, Singasinga mzee mwenye ndevu nyeupe, alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaingia mwenyewe stoo akatoa sanduku jipya la barafu lenye mfuniko wa kubana.

"Chukua hii. Ile yako imepasuka."

"Nitarudisha jioni."

"Mzee, mimi nimeuliza wewe utarudisha lini?"

Wakhisi alitwanga barafu yake mwenyewe, laini, isiyo na ncha. Mikono ilijua. Naswa ndiye aliyemfundisha, mwaka ule walipoacha miwa na kuingia samaki. Zamani hizo ngege mmoja, samaki wa ziwani, alijaza sahani na mkia ukaning'inia nje, na Naswa alimkemea kila alipovurumisha samaki sandukuni kama magogo ya miwa. Barafu chini, kiganja kizima. Kisha samaki. Kisha barafu juu, na usiache nafasi, hewa ni adui. Asubuhi nyingine walisimama hivyo wawili, mvuke wa baridi unawapanda usoni, mabasi ya Nairobi yanapiga honi, naye Naswa anaimba kitu cha kanisani nusu nusu kwa sababu maneno yote hakuyajua. Mtu hajui kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha. Anadhani raha bado iko mbele, inakuja.

Kule kituo cha damu alikuta dirisha na kijana nyuma ya dirisha. Kijana alikuwa na simu mkono mmoja. Alisoma karatasi, akaenda, akarudi na mfuko. Mzee Wakhisi alitegemea kitu chekundu. Huu ulikuwa na maji ya njano yaliyofifia, kama chai ya rangi iliyowekwa maji mengi.

Alitaka kuuliza, hii ni damu gani. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu, na ameshazoea kuambiwa mzee unachelewesha wengine.

"Una sanduku?" kijana aliuliza.

"Ninalo."

"Sawa. Saini hapa."

Alisaini. Alitoka hadi kivulini, akapiga magoti, akafungua sanduku la Bwana Kulwant. Barafu chini, kiganja kizima. Kisha mfuko. Kisha barafu juu, bila kuacha nafasi. Alibana mfuniko, akalipakata sanduku mapajani kwenye boda mpaka hospitali, na njia nzima alijisikia mtu wa maana.

*

Mtu wa maabara aliitwa Ogweno. Alifungua mfuniko mbele yao, kando ya kitanda, akasimama.

"Nani ameweka barafu?"

"Mimi," alisema Mzee Wakhisi. "Iko baridi kabisa. Shika."

Ogweno alishika. Aliutoa mfuko, akaugeuza kwenye mwanga, akauangalia muda mrefu kuliko ulivyohitaji, kama mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Mzee, hii hatuwezi kumpa."

"Kwa nini? Damu si inawekwa friji?"

"Ile nyekundu, ndiyo. Hii hapana. Hizi chembe zikishikwa na baridi zinageuka umbo, na mwili ukizipata unazifagia zote mara moja. Ni kama hatujampa kitu." Alishusha sauti. "Zinakaa joto la kawaida tu, la nyumba. Hawakukuambia?"

Hawakumwambia. Sista alijua, daktari alijua, kijana wa dirishani alijua zaidi ya wote, na kila mmoja alidhani mwingine amesema. Lakini kitu kilichoharibika kilikuwa kimetoka mikononi mwa Mzee Wakhisi, na macho yote yalikuwa kwake. Mama wa kitanda cha pili alimnong'onezea jirani yake kwa Dholuo, na neno barafu lilisikika mara mbili.

Nangila alikuwa anambadilishia Debra pamba. Iliyotoka ilikuwa nyekundu hadi katikati.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Ulienda mpaka kwa Bwana Kulwant kutafuta barafu."

"Nilitaka ifike salama."

Koti la mzee lilikuwa limefunika miguu ya mtoto. Nangila alilitoa, akalikunja, akampa. Akafunika ile miguu kwa leso yake mwenyewe. Neno halikuwepo, na Mzee Wakhisi angependa liwepo, hata la matusi.

Daktari alipiga simu. Alipiga ya pili, akabishana na mtu. Alirudi akasema kuna mfuko mwingine, wa watu waliotoa damu jana. Vipimo vyake vitakamilika saa nane. Lakini kituo hakitautoa bure kwa mgonjwa ambaye mfuko wake wa kwanza umeharibika. Wanataka watu wawili waje watoe damu badala yake, leo hii.

"Mimi wa kwanza," alisema Mzee Wakhisi.

"Miaka mingapi, mzee?"

"Sitini na minane."

"Umepita."

Nangila alipimwa kidole. Damu yake mwenyewe ilikuwa chini. Ilikuwa saa sita na robo.

*

Akina mama wa samaki walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda, wanangoja barafu ya mchana. Akinyi, aliyekuwa rafiki wa Naswa na mwenye mdomo kuliko wote, alimwona kwanza.

"Mzee Barafu amerudi. Tumekungoja mpaka samaki wameanza kutuuliza uko wapi."

Wengine walicheka. Bwana Kulwant alitoka mlangoni. Nyuma yake, kwenye meza ya risiti, binti yake Gurleen aliinua kichwa.

"Mtoto?" aliuliza Bwana Kulwant.

Njiani Mzee Wakhisi alikuwa ameshatunga la kusema. Angesema kituo wamempa mfuko mbovu. Hakuna ambaye angeuliza mara mbili. Kila mtu pale alikuwa na kisa chake cha hospitali, na kama angeanza, wangemalizia wenyewe: dawa hakuna, gari hakuna, wakubwa wamekula. Mengi yake yangekuwa kweli. Hata yeye, Naswa wake alifia wodi ya chini akingoja karatasi isainiwe na mtu aliyekuwa kwenye semina. Kinywa chake kilikuwa kimezoea njia hiyo.

"Niliharibu," alisema. "Walinipa ile damu, nikaiweka barafu. Haitaki barafu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza."

Akinyi alimtazama, akatazama sanduku.

"Sasa wewe Wakhisi," alisema polepole, "umewekea barafu mpaka kitu kisichotaka. Ungekuwa na dawa ya kuhara ungeiweka barafu."

Mmoja alicheka, kisha wote, na hata mzee mwenyewe kidogo, kwa aibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi mtu kumsema kama mtu.

"Wanataka watu wawili watoe damu," alisema. "Kabla ya saa nane."

Akinyi alikuwa tayari anafungua aproni yenye magamba. "Mimi nina damu nyingi mpaka mume wangu ananiogopa. Naswa alinikalisha hapa sokoni siku ya kwanza nikiwa sijui hata kushika kisu. Twende."

"Mimi nina sukari," alisema Bwana Kulwant, "hawanitaki." Aligeuka nyuma. Gurleen alikuwa amesimama, anafunga droo.

"Baba, utaandika risiti mwenyewe," alisema. "Na usiandike kwa Kipunjabi, watu hawasomi."

*

Dirisha lilikuwa lile lile na kijana yule yule. Akinyi na Gurleen waliingizwa ndani, wakalala, wakatoa. Saa nane na dakika kumi kijana alileta mfuko wa pili, akausukuma dirishani pamoja na kitabu cha kusaini.

Mzee Wakhisi hakushika kalamu.

"Niambie," alisema.

"Nini, mzee?"

"Namna ya kuibeba. Yote. Niambie kama mtoto wa nasari."

Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Aliwaacha wanung'unike. Kule Muhoroni, kambini, kulikuwa na mganga wa zahanati aliyezunguka na baiskeli. Harufu ya molasesi ilikuwa imejaa hewani na watoto wanamkimbilia. Mtu yule hakumpa mama chupa ya dawa mpaka mama arudie maagizo mara mbili kwa kinywa chake. Asubuhi vijiko viwili. Jioni vijiko viwili. Wanawake walimcheka, wakamwita mwalimu. Hakuna mtoto aliyekosea dawa. Sasa kuna kompyuta mpaka mlangoni, na hakuna mtu wa kukurudishia neno.

Kijana alitazama karatasi, akaona jina la mgonjwa, akakumbuka. Simu aliiweka mezani, kifudifudi. Alifungua mlango wa pembeni, akatoka nje akiwa na mfuko mikononi.

"Usiweke baridi. Usiweke juani," alisema. "Na usiiache itulie. Huku ndani inakaa kwenye mashine inayoipembeza. Ukitembea nayo, ipembeze pole pole hivi. Usiitikise kama soda."

"Si baridi. Si jua. Isitulie. Isitikiswe kama soda."

"Sawa, mzee."

"Ngoja nirudie."

Alirudia. Kisha akasaini.

Boda alizikataa, barabara ina mashimo. Kwa miguu ni dakika ishirini. Gurleen alirudi kazini, plasta mkononi. Akinyi, amekunywa soda aliyopewa na bado anasema haikuwa baridi, alifungua mwavuli wake wa sokoni, ule mkubwa wa rangi mbili, akaushika juu ya kichwa cha mzee.

Wakaenda hivyo. Mzee ameulaza mfuko mikononi, umefunikwa na koti lake, anaupembeza kwa kila hatua. Watu waliwapisha. Mama mmoja muuza mahindi aliinama achungulie.

"Wa siku ngapi?"

"Wa jana," alijibu Akinyi. "Usimpulizie moshi."

Walipita karibu na stesheni ya zamani. Hapo ndipo yeye na Naswa walishuka, mwaka walioacha Muhoroni, treni imechelewa kwa saa tano na hakuna aliyejali. Naswa alijitwika masufuria, godoro likawa la mpagazi, na yeye Wakhisi akapewa Nangila wa miezi mitatu. Hakuwa amewahi kumbeba mtoto njia ndefu. Alitembea mji mzima akiogopa kumwamsha, na Naswa alicheka nyuma yake mpaka sufuria moja ikaanguka. Mji ulikuwa na miti. Ziwa lilionekana kutoka barabarani, kabla ya magugu na kuta za watu. Mikono ilikuwa ile ile, imezeeka tu, na kwa dakika chache kando ya reli Mzee Wakhisi hakuwa na uhakika amembeba nani.

"Umesimama," alisema Akinyi. "Ipembeze."

*

Ogweno aliupokea mfuko, akauweka kiganjani, akautazama kwenye mwanga. Ndani ya njano kulikuwa na kitu kinachozunguka polepole kama moshi.

"Iko sawa," alisema. "Iko hai."

Waliutundika. Sista Jentrix mwenyewe alifungua mrija, akahesabu matone, akaenda kwa wengine. Debra alikuwa amelala, midomo mikavu yenye damu iliyoganda pembeni. Nangila alikaa upande mmoja wa kitanda. Mzee Wakhisi alibaki amesimama upande wa pili.

Mfuko ulining'inia kwenye chuma, umetulia.

Mzee aliutazama. Kisha akainua mkono, akaushika kwa chini na vidole viwili, akaanza kuupembeza pole pole. Sista alipopita mara ya pili alimwona.

"Mzee, sasa wacha. Ikishaanza kuingia haina haja tena."

"Sawa, sista," alisema, na hakuacha.

Sista alichukua faili la Debra mguuni pa kitanda, akakata mstari juu ya kitu kirefu alichokuwa ameandika asubuhi, akaenda zake.

Mfuko ulifika nusu. Mkono wa mzee ulianza kutetemeka begani, na akaubadilisha na wa kushoto, na wa kushoto ukachoka haraka zaidi. Nangila alitoa pamba puani mwa mtoto. Ilikuwa na doa dogo, la rangi ya kutu, kwenye ncha tu. Aliiweka kitandani mahali ambapo baba yake angeiona.

Halafu akainuka, akazunguka kitanda.

"Baba, keti," alisema. "Nipe, nishike mimi kidogo."